Sanduku la Spana Hununuliwa kwa Kilo

Mwenyekiti, mabibi na mabwana, na nyinyi vijana wa karakana mliojibanza karibu na mlango mkidhani siwaoni: habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchagua sanduku la vifaa kwa gereji ya nyumbani, liwe imara na lisimfilisi mtu. Wanaonifahamu wanajua mada hii hunipandisha hasira mahali fulani, basi nitakasirika mapema ili tuendelee na kazi. Kila mtu anayenijia ana swali lilelile: "Mwalimu, ninunue lenye droo ngapi?" Saba, tisa, kumi na moja. Hakuna anayeuliza droo moja inabeba kilo ngapi. Na muuzaji anawajua. Ndiyo maana idadi ya droo ameiandika ubavuni mwa boksi kwa herufi kubwa, na uzito ameuficha kwenye kikaratasi cha ndani, kama ameuandika kabisa.

Twende kwenye kilo, basi. Lita moja ya chuma ina uzito wa karibu kilo 8. Chukua droo ya kawaida, urefu sentimita 50, upana 30, kimo 10. Hiyo ni lita 15. Tuseme spana zako zimekaa hovyo, theluthi mbili ya nafasi ni hewa, chuma ni theluthi moja tu. Lita 5 za chuma. Karibu kilo 40, ndani ya droo moja! Sasa vuta droo hiyo hadi mwisho, halafu uniambie ile reli ya bati lililokunjwa, isiyo na beringi hata moja, inashikilia nini.

Nina jirani yangu, dereva wa malori mstaafu, mtu makini sana barabarani. Alinunua sanduku jekundu la droo saba, linang'aa, ukilitazama unajiona usoni. Haukupita muda droo ya tatu ikagoma. Akaipiga goti. Ikafunguka, ikagoma kufunga. Akarudi dukani, akaambiwa, "Mzee umezidisha mzigo." Akaja kwangu amefura: "Mzigo gani? Nimeweka spana tu!" Nikamwambia twende tukapime. Mizani ya bafuni hatuna, si mimi wala yeye. Tukapakia kila kitu kwenye mkokoteni, droo kwa droo, kila moja na gunia lake, tukaenda mashine ya kusaga.

Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu. Kina mama na madebe yao ya mahindi, na sisi wazee wawili na magunia yanayolia kengele. Mama mmoja akauliza kwa upole kabisa, "Baba, hizo mnataka sembe au dona?" Jirani yangu hakucheka. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Kijana wa mashine akatupimia bure, nadhani kwa huruma. Ile droo ya tatu: boksi spana seti mbili, nyundo, tindo, minyororo ya kuvutia gari, na jiliwa kuukuu, lile la kubania vitu mezani, ambalo halikupata pa kukaa. Kilo 41. Tuliporudi tukakitafuta kile kikaratasi, kilikuwa bado kimekunjwa kwenye mfuko wake wa nailoni. Kilo 12 kwa droo.

Kwa hiyo muuzaji alisema kweli. Hilo ndilo lililomuuma jirani yangu kuliko fedha. Na kabla hamjaniambia kwamba amedhulumiwa, nasema hivi: kudhulumiwa ni pale unapouliza ukadanganywa. Yeye aliuliza rangi. Aliuliza kama kuna ya bluu!

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, "Mwalimu, mimi si dereva wa malori, nina bisibisi tatu na praizi." Sawa. Wewe nunua lile dogo la plastiki, au hata ndoo, ning'iniza ukutani, nenda kalale. Sina ugomvi na plastiki. Fundi umeme anayepanda ngazi na sanduku mkononi anahitaji jepesi, na plastiki haishiki kutu. Lakini ukiliacha juani nyuma ya pikapu, mwaka si mwingi kifuniko kitapasuka penye bawaba. Halafu utanunua nyundo. Utanunua grainda kwa sababu ya lile geti. Shemeji atakuachia jeki. Vifaa havipungui nyumbani, labda uwe na majirani wabaya. Pima ulivyo navyo leo, zidisha mara mbili, hiyo ndiyo kilo ya kwenda nayo dukani.

Sasa bati. Hapa naomba subira, maana ndipo watu wanapoibiwa kwa lugha. Muuzaji atakuambia, "Hili ni geji kubwa." Geji ni namba ya unene, na namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba! Bati la paa la geji 30 ni karibu milimita 0.3, geji 20 ni karibu 0.9, geji 16 ni karibu 1.6. Mtu anasikia 30, anadhani amepewa zaidi ya 20. Acheni geji. Ulizeni milimita. Nendeni na venia, ile ya kupimia unene, na msipime kwenye ukingo maana ukingo umekunjwa na utasoma bati mara mbili. Pimeni kwenye tundu lolote au kwenye mdomo wa droo ambao haujakunjwa, na mkumbuke rangi nayo ina unene wake.

Kwa nini nahangaika na nusu milimita? Kwa sababu ugumu wa bati dhidi ya kupinda haupandi sawasawa na unene. Bati likiwa nene mara mbili, ni gumu kupinda mara nane. Milimita 0.5 na milimita 1, mikononi ni tofauti ndogo, bei ni tofauti ya kulalamikia, lakini sakafu ya droo ya milimita 0.5 itashuka tumbo na ya milimita 1 itakaa.

Mwenzangu mmoja hubisha: masanduku mengine ya bati jembamba mbona yanadumu? Kweli kabisa, na sababu ni mikunjo. Tazameni hii karatasi ya daftari. Naishika ncha, inalala. Naikunja mara moja katikati kwa urefu, inasimama, naweza hata kuiwekea kalamu. Bati ni hivyo hivyo. Kwa hiyo dukani fungua, pitisha kidole kwenye kingo zote. Ukingo unaokukata haujakunjwa, na ukingo ambao haujakunjwa hauna nguvu. Halafu geuza sanduku juu chini. Ndiyo, mbele ya muuzaji, akinuna anune. Chini panatakiwa pawe na mbavu: bati lililokunjwa umbo la kofia, au engo, vile vyuma vya umbo la L, zilizochomelewa kukatiza. Ukikuta sakafu tupu iliyoshikwa kwa ribiti nne pembeni, ligeuze tena taratibu, mshukuru, ondoka.

Na kona kwa kona! Tepu ya kupimia. Kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kisha nyingine. Vipimo viwili visipolingana, sanduku limekaa upande, na droo zake zitagoma hata zikiwa tupu.

Haya, "imara" tumeisema. "Bei nafuu" sasa, na hapa nina mapendekezo mawili tu, mengine hamtayapata kwangu.

La kwanza, kabati la faili la ofisini. Msicheke. Ofisi zikihama au zikifungwa, makabati ya chuma yenye droo nne hupelekwa mnadani, na hakuna anayeyataka kwa sababu kila kitu sasa kiko kwenye kompyuta. Rimu moja ya karatasi za A4 za gramu 80 ina kilo 2.5 na unene wa sentimita 5 hivi. Droo ya kabati lile ina urefu wa sentimita 60 kwenda ndani. Zikisimama humo rimu 12, ni kilo 30 kila droo, na karani aliivuta na kuirudisha kutwa kucha miaka na miaka. Kwa hiyo reli zake zilitengenezwa kwa mzigo wa kweli. Vuta kila droo hadi mwisho, iinue kidogo, sikiliza. Ikikwaruza, reli imekwisha. Ikiteleza, peleka dalali pembeni muelewane.

Kasoro yake ni kimo. Droo ni ndefu kwenda chini, spana zitalala juu ya spana, utafukua kila siku. Tengeneza trei ya plaiwudi ikae juu ya vipande viwili vya mbao ndani ya droo, spana juu, vitu vizito chini. Basi.

La pili, tranka. Lile lile la kupeleka mtoto bweni, lakini si lile lile. La bweni limetengenezwa kwa mashuka na daftari, bati lake jembamba. Wewe nenda kwa mafundi bati, kama uko Dar es Salaam hata wale wa mtaa wa Gerezani watakuelewa, ukiwa na bati lako mwenyewe. Narudia, bati lako mwenyewe. Nunua karatasi moja ya futi 8 kwa 4, milimita 1. Ina kilo 23 na ushee, ipime pale pale, ikitoa kilo 16 ujue umeuziwa ya milimita 0.7. Humo unatoka sanduku la sentimita 90 kwa 45 kwa 45: vipande vinne vikubwa vikipangwa viwili-viwili, vile viwili vya ubavuni mwisho wa bati, mikunjo ya sentimita 2 kila upande inatosha, na unabaki na ukanda wa zaidi ya sentimita 20 wa kutengenezea trei ya juu. Fundi unamlipa mikono yake. Ukimwachia anunue bati mwenyewe, huwezi kumlaumu akitafuta faida kwenye unene, maana wewe ulimwomba bei na hukumwomba milimita.

Mwambie achomelee engo mbili chini kama miguu ya kuteleza. Bawaba moja ndefu kifuniko kizima, wala si mbili fupi. Na ndani ya kona apake rangi ya kuzuia kutu kabla hajafunga, kwa sababu akishafunga hafiki tena, atapaka nje pazuri na kutu itaanzia ndani.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na sehemu ndefu kuhusu kutu, nitaikata. Kwa watu wa pwani: msiweke sanduku moja kwa moja juu ya zege, zege linatoa unyevu, wekeni juu ya mbao. Na ndani ya droo msitandike sponji wala zulia, vinanyonya maji na kuyatunza. Tandikeni mpira. Spana ifutwe kwa kitambaa chenye oili kidogo kabla ya kurudi. Inatosha.

Magurudumu. Ukitaka sanduku litembee, jumlisha uzito wote, gawa kwa tatu, usigawe kwa nne, maana sakafu zetu hazijanyooka na wakati wote gurudumu moja liko hewani. Kilo 130 zote pamoja, nunua magurudumu ya kilo 50 kila moja. Yale madogo ya plastiki ngumu yatapasuka kwenye ufa wa kwanza.

Hili siwezi kulikata hata mwenyekiti asimame. Kabati au sanduku la droo likivutwa droo mbili za juu kwa pamoja, zimejaa, linaanguka mbele. Linamwangukia aliyevuta, na nyumbani anayevuta vitu bila kuambiwa ni mtoto. Vitu vizito viwe chini kabisa. Na nyuma, mgongoni mwa kabati, toboa matundu mawili karibu na juu, bolti mbili za milimita 10 ziingie ukutani. Isiwe kwenye plasta, ziingie kwenye tofali lenyewe. Kama ni tofali lenye uwazi, tafuta nguzo au lenta.

Bolti hizo zinasaidia na wizi pia. Mmenunua makufuli makubwa, mwizi hana haja nayo, analibeba sanduku zima na kufuli lako juu.

Sampuli za bati ziko hapo mezani, milimita 0.5, 0.7 na 1, sijaziandika makusudi. Venia iko hapo. Kila mtu apite akunje kwa mkono, akisie, ndipo apime. Anayetaka mchoro wa kukatia ile karatasi ya futi 8 aje na kalamu yake, mimi yangu sikopeshi tena. Haya, yule mama wa safu ya tatu alinyoosha mkono kwanza, nakusikiliza mama.