Hema, Bamvua na Mita 60

YOHANA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tulipanga kueleza mambo matatu ya kuzingatia kabla ya kupiga kambi ufukweni, lakini dada Nyemo amerudi Dodoma juzi na hema lililokauka chumvi, kwa hiyo ni haki aanze yeye.

NYEMO: Ahsante, mdogo wangu. Tulifika na watoto kwenye ufukwe wa wazi, kaskazini mwa mji wa Bagamoyo, jioni ya mwezi mpevu. Niliutazama mstari wa mwani mbichi ulioachwa na maji ya alasiri, nikapanda hatua tano juu yake, nikalisimamisha hema nikiamini kwamba bahari imekwisha kunionyesha mpaka wake. Saa kumi alfajiri godoro lilikuwa limelowa, na kiatu cha mwanangu kilikuwa kinaelea mlangoni.

YOHANA: Pole sana. Hayo yalikuwa maji ya bamvua.

NYEMO: Jina hilo nilifundishwa asubuhi na mvuvi mmoja mzee. Alinieleza kwamba mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na kwamba katika siku hizo maji ya usiku yanaweza kuuvuka mstari wa mchana. Hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50, hivyo anayelala ufukweni inampasa kujua saa ya maji kama anavyojua saa ya basi.

YOHANA: Na vile vigingi vya chuma ulivyovisifu hapa tulipotoka Hombolo?

NYEMO: Kule Hombolo nilivipigilia kwa jiwe mpaka vichwa vikapinda, kwa sababu udongo wetu ukikauka ni kama tofali. Mchangani niliving'oa kwa vidole viwili. Mzee yule alichukua kiroba kitupu, akakijaza mchanga, akakifunga kamba katikati, akakilaza ndani ya shimo la kufika magotini na kukifukia. Tulivuta kamba watu wawili, na haikusogea.

YOHANA: Kililazwa, hakikusimamishwa?

NYEMO: Kililazwa kukingama na kamba, ili mchanga wote ulio mbele yake usaidie kuzuia. Ndivyo tulivyolifunga hema usiku wa pili, viroba vinne, pembe nne.

YOHANA: Mimi naona viroba vinatutoa kwenye swali lenyewe, dada. Hukupaswa kulala pale kabisa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inalinda mita 60 kutoka ukingo wa bahari.

NYEMO: Inakataza shughuli za kudumu. Hema langu lilidumu siku mbili.

YOHANA: Inakataza pia shughuli ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri uhifadhi wa ukingo huo. Fikiria Madete, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ambako kasa hupanda kutaga. Watoto wa kasa hutoka mchangani usiku na kuufuata upeo wenye mwanga zaidi, ambao kwa kawaida ni bahari. Taa moja ya hema inatosha kuwapeleka nchi kavu wakafe.

NYEMO: Basi tuzime taa, tusimfukuze mwananchi. Ufukwe ni mahali pa mwisho ambapo mzazi asiye na fedha za hoteli anaweza kuwaonyesha wanawe bahari ikipambazuka. Ukimwondoa yeye, kesho utaukuta ukuta wa tajiri.

YOHANA: Ukuta nao uko ndani ya mita zilezile, nao naupinga vivyo hivyo. Siwezi kukuruhusu wewe kwa sababu tu nakupenda.

NYEMO: Nami siwezi kukubali kwamba hema na ukuta ni kitu kimoja.

YOHANA: Fundi mitambo anatuonyesha kwamba imebaki dakika moja, na yale mambo matatu hatujayagusa.

NYEMO: Yasubiri. Nijibu hili tu: usiku ule, na watoto wamechoka, wewe ungelala wapi?

YOHANA: Juu, chini ya mivinje.

NYEMO: Mivinje iko hatua 30 kutoka majini, Yohana. Nilizihesabu.

YOHANA: Basi ningepanda zaidi.