Mji Mdogo na Mikono ya Januari
(Mazungumzo na wakulima na wafugaji wadogo, Uyole, Mbeya)

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, kaka na dada, poleni na baridi.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuendesha mji, yaani kaya yenye shamba na mifugo, bila watu wa nyumbani kuchoka hadi kuugua. Nitaanza na mwezi huu wa nane, kwa sababu ndio unaotuponza. Mahindi yako ghalani, viazi vimeuzwa. Mtu anakwenda Nane Nane pale Uwanja wa John Mwakangale, anaona ng'ombe wa kisasa wamesuguliwa wakang'aa, vifaranga kwenye maboksi, nguruwe wa mbegu. Fedha ipo mfukoni na kazi ni chache. Anarudi na mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa, na vifaranga, na njiani ameshakubali kukodi ekari 2 za jirani. Kwa hesabu ya Agosti, yote yanawezekana.

Sasa twende Januari. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba, kwa hiyo Januari mahindi yanadai palizi, na ukichelewa magugu yanakula mbolea uliyoinunua. Viwavijeshi vamizi nao, tangu walipoonekana nchini mwaka 2017, wanataka mtu apite akikagua mmea kwa mmea. Mwezi huohuo shule zinafunguliwa. Watoto waliokusaidia Desemba wamerudi darasani, na fedha ya kibarua imekwenda kwenye sare na madaftari. Vibarua wenyewe ni wa kugombania, maana kila mmoja ana shamba lake linalomwita wiki hiyohiyo. Anayebaki, kwa nyumba nyingi ninazozifahamu, ni mama.

Naomba tuiangalie kazi yake kwa karibu. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,000. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30 unapata mashimo karibu 18,000, na mistari yote ukiiunganisha inazidi kilomita 5. Mama anayepalilia ekari hiyo anakwenda kilomita zote hizo akiwa ameinama, jembe mkononi, na mara nyingi mtoto yuko mgongoni. Palizi ya pili anazirudia. Kuweka mbolea ya kukuzia, anazirudia tena. Ndiyo maana mtu akiniambia anakodi shamba, namuuliza kwanza: nani atapalilia? Trekta litakulimia ekari zako asubuhi moja likaondoka, palizi likakuachia wewe. Hapo ndipo wengi tunafungua ardhi kubwa kuliko mikono yetu. Ekari 2 zilizopaliliwa kwa wakati zinaweza kabisa kuzishinda 4 zilizomezwa na magugu.

Ng'ombe naye, anayekamuliwa vizuri anakunywa lita 60 kwa siku au zaidi, yaani madumu 3 ya lita 20, na anakula kilo 40 hadi 50 za majani mabichi. Kama bomba liko uani na mabingobingo, yale majani marefu ya malisho, yameoteshwa nyuma ya banda, kazi hiyo inabebeka. Kama maji yanatoka bondeni, ni mzigo wa mtu mzima kila siku, Jumapili na siku ya msiba pia. Kwa hiyo fedha ya ng'ombe wa pili, ushauri wangu ni iingie kwanza kwenye mpira wa maji na shamba la majani. Nayasema haya nikijua kwamba huku kwetu heshima inahesabiwa kwa idadi ya ng'ombe.

Liko jambo jingine ambalo tunaliacha lijiendee lenyewe. Ng'ombe hubeba mimba miezi 9 na siku kadhaa. Akipandishwa Aprili anazaa Januari, katikati ya palizi: kiwele kimejaa, ndama anataka kunyweshwa, na mama yuko shambani. Akipandishwa Agosti hii anazaa Mei, palizi zimekwisha na majani bado yapo. Ila kiangazi kitakukuta na ng'ombe wa kukamua, hivyo mabua na maganda ya maharage yasichomwe moto, yawekwe darini. Nguruwe anapangika kirahisi zaidi, mimba yake ni miezi 3, wiki 3 na siku 3. Kuku wa kienyeji wachache, sina neno nao.

Mama wa Njombe pale ameuliza habari za vinyungu, yale mashamba madogo ya bondeni. Mama, vinyungu vinafaa sana kwa sababu vinalimwa kiangazi, Januari havikugusi. Lakini kumwagilia nako ni kazi, na ng'ombe aliyezaa Mei anakudai muda uleule. Kama vinyungu ndivyo vinavyolipa ada, basi nguruwe waondoke. Usivishike vyote.

Leo jioni, mkiwa mmekaa jikoni, baba na mama na vijana, chagueni Jumatano moja ya katikati ya Januari. Semeni kwa majina: nani anakamua alfajiri, nani anakata majani, nani yuko shambani, nani anapika. Aliye shuleni msimtaje. Jina la mama likitokea mara tatu kwa saa ileile, kipo kitu cha kupunguza, na kipunguzwe mwezi huu. Mtamba ana wanunuzi sasa, watu wana fedha za mavuno. Januari atakayekuja kumtazama anajua kuwa unatafuta ada.