Nani Anasema Ni Wazimu?

Mhadhara kwa walimu wa fasihi na wapenzi wa vitabu, Kisumu

Asanteni. Mwenyekiti amenipa dakika arobaini, akaongeza, "Mwalimu, leo tafadhali usikwame kwa Lear." Nimemsikia. Nitakwama kwa Lear, yule mfalme mzee wa mchezo wa Shakespeare.

Lakini nianzie Kibuye. Zamani kidogo kulikuwa na jamaa pale sokoni aliyezunguka na gunia begani akivihutubia vibanda. Nikaulizia. Mama muuza omena akasema amerogwa. Kijana wa bodaboda akasema bangi. Muuza mitumba akanitazama miwani yangu, akasema, "Huyo alisoma sana, vitabu vikampanda kichwani." Aliyeapa kuliko wote kwamba ni bangi alikuwa binamu yake, na baadaye nikaja kujua kuwa ndiye aliyekuwa akikusanya kodi ya vibanda vitatu vya yule jamaa. Tangu siku hiyo, mtu akinitajia chanzo cha kichaa cha mwenzake, namuuliza kwanza: wewe unayesema, ulikuwa wapi, na umebaki na nini?

Nilirudi kwenye vitabu nilivyofundisha miaka yote ile, nikaona haya. Mimi nilikuwa nikiandika ubaoni: "Vyanzo vya wazimu: a) mapenzi, b) tamaa, c) uzee." Wanafunzi wakanakili, wakapita mtihani. Wenye vitabu vyao walikuwa wameuliza jambo jingine kabisa.

Na lugha yetu haitusaidii. Ukisema wazimu, umeshaitaja mizimu. Ukisema majununi, umeshaleta jini. Hukumu imetoka kabla mgonjwa hajafungua mdomo.

Chukueni Hamlet, wa Shakespeare pia. Kijana amefiwa na baba, na mama ameolewa na ami wa kijana, mfalme mpya, upesi hivi kwamba vyakula vya matanga vimeliwa baridi harusini. Anamwambia rafiki yake waziwazi kwamba atajifanya mwehu. Basi jumba zima linatafuta chanzo. Polonius, mshauri wa mfalme, anasema ni mapenzi, na msichana mwenyewe ni binti yake, kwa hiyo ugonjwa huo unamletea heshima nyumbani. Rosencrantz, aliyeitwa kupeleleza, anasema ni tamaa ya makuu. Ni mama mtu tu anayesema: sidhani kuna jingine, ni kifo cha babake na ndoa yetu ya haraka. Amesema kweli, na humsikii akirudia, kwa sababu amejitaja.

Kisha Ophelia, binti huyo wa Polonius, ambaye kichaa chake si cha kuigiza. Mfalme anasema ni sumu ya huzuni, binti amefiwa na baba. Sawa. Lakini hapo hapo anamwambia mkewe kwamba walikosea kumzika mzee yule kwa siri na kwa haraka. Watu wa huku sihitaji kuwaeleza. Mzee auawe, azikwe chapuchapu, hakuna matanga, hakuna aliyemlia, halafu binti akianza kuimba na kugawa maua mnashangaa?

Haya, Lear. Mwalimu Nyerere alitutafsiria Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Lear hakutupa, kwa hiyo maneno haya ni tafsiri yangu, msinishike kwa neno.

Mzee anagawa shamba angali hai. Nasikia minong'ono. Naam, kwetu hilo pekee lingeitisha kikao. Binti wawili, Goneril na Regan, waliosema maneno matamu wanapata kila kitu; wa tatu, Cordelia, aliyekataa kuyatia mapenzi chumvi, anafukuzwa bila hata ndururu. Mzee anajibakizia jina la ufalme na askari 100, na atakuwa akikaa mwezi huku, mwezi kule. Yaani mzee kwenda kulala kwa binti aliyeolewa! Hapa Nyanza mkwe angehama yeye. (Kicheko.)

Sasa wale askari. Wanafunzi wangu waliwaona kama fujo tu, wazee wa kula na kunywa. Wafikirieni kama watu wa duol, kile kibanda cha wazee wa Kijaluo cha kula na kuzungumza pamoja. Mzee ambaye hana wa kula naye duol bado ana umri, lakini mzee ni nani kama hakuna anayemngoja amege tonge la kwanza? Goneril anaanza: askari hamsini waondoke. Mzee anakimbilia kwa Regan. Regan anasema, kwangu njoo na ishirini na watano. Mzee, na hapa ndipo ninapowaomba mnyamaze kidogo, anamgeukia Goneril na kusema: basi nitakuja kwako, hamsini zako ni mara mbili ya ishirini na tano zake, kwa hiyo unanipenda mara mbili. Mnamwona? Mfalme anapiga hesabu ya mapenzi kama mtu anayeulizia bei ya nyanya. Na ni yeye aliyeleta mizani hiyo siku ya kwanza, alipowauliza binti zake nani anampenda zaidi ili amkatie kipande kikubwa.

Hesabu inaendelea. Goneril: unawahitaji ishirini na watano wa nini? Kumi? Watano? Regan: hata mmoja wa nini? Kutoka mia hadi sifuri katika kikao kimoja, na kila hatua imesemwa kwa upole, kwa sababu za matumizi ya nyumba. Ndipo mzee anapolia: msijadiliane nami kuhusu haja! Dhoruba inaanza kunguruma, naye anamwambia mchekeshaji wake kwamba atarukwa na akili. Anatoka nje, na mlango unafungwa nyuma yake. Mwanafunzi anayeandika kwamba dhoruba ilimtia Lear wazimu nampa sufuri, sina huruma. Mvua ilimkuta ameshamalizwa na hesabu ya kutoa.

Najua kuna mtu atasema, "Mwalimu, ni uzee tu, wazee hupotewa." Unajua nani alisema hivyo kitabuni? Regan! Mchezo haujatoka onyesho la kwanza, wino wa urithi haujakauka, yeye anasema ni udhaifu wa uzee. Inawezekana hata alikuwa na haki, maana anaongeza kwamba mzee hajawahi kujijua vizuri, na hilo ni kweli tupu. Lakini anayetoa maelezo ya daktari ndiye mwenye hati ya shamba.

Mwingine atasema chira, yaani balaa linalotokana na kuvunja mwiko. Msicheke. Mimi naona chira ina akili kuliko jibu langu la ubaoni, kwa sababu anayetaja chira angalau atauliza nyumbani kulifanyika nini, na nani alivunja mwiko. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi jibu humwangukia mjane au mgonjwa mwenyewe.

Na kabla daktari kijana yule pale hajainua mkono: sijakataza hospitali. Ugonjwa wa akili upo na dawa ipo. Wagiriki wa jadi ya tabibu Hippocrates waliandika zamani kwamba kifafa si kitakatifu kuliko maradhi mengine, chanzo chake kiko kwenye ubongo. Ninachosema ni kwamba dawa haikuzuii kuuliza vibanda vinakusanyiwa kodi na nani.

Mwenyekiti ananyoosha vidole vitano. Basi haraka. Ajax, shujaa wa vita katika mchezo wa Mgiriki Sophocles, anayechinja mifugo akidhani ni wakubwa wa jeshi: mungu wa kike Athena anajisifu kwamba ni kazi yake, ila jeshi lilikuwa limeshampa Odysseus silaha za Achilles, ambazo Ajax alizitaka yeye. Don Quixote, wa riwaya ya mwaka 1605, ubongo ulikauka kwa kusoma. Padri na kinyozi wakaamuru vitabu vichomwe. Muuza mitumba wangu angefurahi.

Bertha katika riwaya ya Jane Eyre alistahili saa nzima. Mwanamke kutoka Jamaika, amefungiwa ghorofani Uingereza, na karibu yote tunayojua kuhusu chanzo cha kichaa chake, mama mgonjwa, ulevi, tabia, tunayasikia kinywani mwa mume aliyemfungia. Mume huyo huyo alipata pauni 30,000 kwa ndoa ile. Someni tena sura ile mkiwa na binamu wa Kibuye akilini. Gogol, mwandishi Mrusi, nimemwacha, samahani.

Vidole viwili? Nitavitumia kwa Lear.

Cordelia anarudi na daktari. Matibabu: usingizi, nguo safi, muziki. Hakuna aliyekemea pepo, hakuna aliyemfunga kamba. Mzee anazinduka, anaogopa, anasema nadhani sina akili timamu. Kisha anamtambua binti aliyemfukuza. Anamwambia, dada zako walinitendea uovu bila sababu. Wewe unayo sababu ya kunichukia. Huyu ndiye mtu pekee kitabuni mwenye haki ya kuketi na kuorodhesha vyanzo, kimoja baada ya kingine, na mzee amenyamaza anangoja asomewe.

Binti anasema: hakuna sababu. Hakuna sababu.

Ndiyo, mama wa kitambaa cha kijani, umeshika mkono juu tangu Hamlet. Uliza.