Leipzig: Matarumbeta ya Krismasi, Mwimbaji Hakuna

Haya jamani, mnanisikia? Upepo huu utaniulia maiki. Niko Leipzig, Ujerumani, uwanja wa soko la Krismasi. Ngoja nigeuze kamera. Mnaona pale juu, kwenye roshani ya jengo la zamani la halmashauri? Wanajipanga. Nimewahi kuja nipate pa kusimama, mimi yuleyule niliyewaambia muziki usio na maneno ni wa kwenye lifti.

Kauli hiyo naifuta.

Mnanijua, mimi mtu wa kwaya. Krismasi yangu ya kwanza huku, Jumapili moja ya Majilio, niliingia kanisani nikapewa kitabu cha nyimbo, Kijerumani kitupu. Tuni naijua, maneno siyawezi. Nikakaa nafumba na kufumbua mdomo kama perege. Nilitoka pale nimenyong'onyea, nawaambia kweli.

Wiki hiyohiyo napita hapa nakimbilia tramu, mara nasikia shaba inashuka kutoka juu: Usiku Mtakatifu. Matarumbeta na matromboni tu. Tramu ikaniacha. Nikashtukia naimba Kiswahili, kwa sauti, beti baada ya beti, wala hakuna maneno ya mtu ya kugongana na yangu. Mama mmoja akanigeukia, akatabasamu, naye akaendelea na ya kwake.

Halafu ile sauti! Nyie wa Marangu, kule Kilimanjaro, mtanielewa: hayo ni matarumbeta yetu, yale yanayosindikiza maharusi. Wamisionari wa Kilutheri waliofika Machame mwaka 1893 walitumwa na misheni ya mji huuhuu. Kwa hiyo ni ndugu wa damu. Tofauti ni kwamba ya kwetu yanatembea, yanakutoa jasho. Haya yamesimama. Mwisho wa kila mstari wananyamaza kidogo, unasikia mwangwi ukigonga kuta za ng'ambo, ndipo wanaendelea. Hapo pa kunyamaza ndipo paliponikamata.

Na kupuliza juu ya minara hapa hakujaanza jana. Mwaka 1670 mwanamuziki wa mji, Johann Pezel, alichapisha sonata 40, yaani vipande vya muziki wa ala, za kupulizwa saa ya kumi asubuhi. Kumi ya Wazungu, jamani, yaani saa nne. Msije mkaenda alfajiri.

Jana niliwavizia waliposhuka. Mzee wa tromboni akanionyesha kitu: kile kipande cha kuwekea mdomo ni cha plastiki! Baridi ikikaza, chuma kinauma midomo, kinaweza hata kuganda nayo. Akapindisha tromboni, maji yakachuruzika kwenye mawe. Kijerumani changu cha kuokoteza kikatosha kumwambia baba yangu mdogo anapuliza tromboni usharikani kwetu. Akacheka, akaniuliza swali moja tu: "Sauti ya ngapi?"

Baba mdogo, kama unaangalia, shikamoo. Nimemwambia ya pili, kama nimekosea utanirekebisha. Na hicho cha plastiki nimekununulia, nakuja nacho Desemba ijayo. Najua Marangu hakugandi hivyo, lakini asubuhi za Julai nazikumbuka.

Shh. Huyo ameinua. Nanyamaza, nanyi sikilizeni.