Pimeni Wimbi kwa Rula Kwanza

Walimu wenzangu, nimepewa spektra nzima ya sumakuumeme, kuanzia mawimbi ya redio hadi miali ya gama, na muda wenyewe ni mfupi. Kwa hiyo nitakaa zaidi pale panaponiuma, na walionisikia huko nyuma wanajua ni wapi.

Mwamshe mwanafunzi wa kidato cha nne usiku wa manane, atakutajia makundi yote saba kwa mpangilio. Sasa mwulize wimbi la kituo cha FM anachosikiliza kila siku lina urefu gani: milimita tatu, mita tatu au kilomita tatu? Atakutazama tu. Mwendokasi wa mwanga anaujua, 3.0 × 10⁸ mita kwa sekunde, lakini anaujua kwa kuambiwa. Hajawahi kushika rula akapima wimbi hata moja. Ninachodai ni kilekile: apime kwanza, mpangilio autaje baadaye.

Wimbi la sumakuumeme linalopimika kwa rula lipo jikoni. Chukueni maikrowevu ya kawaida. Toeni ile sahani ya kioo pamoja na kigurudumu kilicho chini yake. Hatua hii ndiyo inayosahaulika, na ikisahaulika hakuna jaribio, kwa sababu sahani imewekwa makusudi ili chakula kizungushwe na kisiungue upande mmoja huku kwingine kukibaki baridi. Kile kishikio cha katikati kinachozungushwa na mota kifunikeni kwa bakuli la plastiki lililogeuzwa, juu yake mlaze kadibodi bapa. Juu ya kadibodi pangeni vipande viwili vipana vya chokoleti vikiwa vimebanana, vimetoka kwenye friji saa hiyohiyo. Chokoleti huyeyuka kwenye nyuzi joto 34 hivi. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, ikikaa mezani mkiendelea kuandika vichwa vya habari ubaoni, mtaikuta imelainika yenyewe. Kama chokoleti ni ghali, slesi za mkate zilizopakwa siagi nyembamba zinatosha.

Fungeni mlango, washeni kwa nguvu zote sekunde 20, mchungulie. Bado? Ongezeni sekunde tano, tena tano. Madoa ya kwanza yakianza kung'aa na kulainika, zimeni hapohapo. Darasa linalongoja dakika nzima hupata rojo moja, maana joto limeshasambaa. Chomekeni kijiti cha meno katikati ya kila doa, pimeni umbali kutoka kijiti hadi kijiti. Mtapata kama sentimita 6.1.

Hapa ndipo darasa hukosea. Wimbi linagonga ukuta wa chuma, linarudi, linakutana na lile linalokuja. Yakikutana, kunakuwa na sehemu zinazotikisika sana na sehemu zilizotulia kabisa, na hazihami. Doa hadi doa linalofuata ni nusu ya urefu wa wimbi. Asiyezidisha mara mbili atapata mwendokasi wa 1.5 × 10⁸, na mwalimu asiyeelewa atamwambia arudie kupima, wakati vipimo vyake ni sahihi kabisa.

Mwendokasi ni urefu wa wimbi mara masafa, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde, inayopimwa kwa hezi (Hz). Kosa la pili liko nyuma ya mashine, kwenye kibandiko. Kuna 230 V, kuna 50 Hz, kuna wati, na mahali fulani kuna 2450 MHz. Mwanafunzi anaona Hz anaichukua ile 50. Hiyo ni ya umeme wa ukutani. Sentimita 12.2 mara 50 inampa mita 6.1 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayekimbia, na anaandika jibu hilo bila kushtuka! Mwacheni alione, ajiulize mwenyewe. Kisha achukue ile 2450 MHz, yaani 2.45 × 10⁹ Hz, azidishe kwa 0.122, apate 2.99 × 10⁸. Madoa yakitofautiana kati ya sentimita 5.5 na 6.8, jibu litaangukia kati ya 2.7 × 10⁸ na 3.3 × 10⁸. Sanduku lina pande sita, mawimbi yanadunda kila upande, kwa hiyo madoa hayakai kwenye mstari ulionyooka. Chukueni wastani wa yale yanayofuatana, mridhike. Mwendokasi wa mwanga kwa rula ya shilingi mia chache, ukikosa kwa asilimia kumi, ni kazi nzuri.

Najua kuna anayetaka kuniambia kwamba masafa hayo yalichaguliwa kwa sababu ndiyo molekuli ya maji inayoyaitikia kuliko mengine. Sivyo, na tuache kuwafundisha watoto hivyo. Molekuli ya maji ina upande chanya na upande hasi, inageukageuka kulifuata wimbi, inasuguana na jirani zake, joto linapatikana. Hilo hutokea kwenye masafa mengi tu.

Mwingine anasema mashine inavujisha mawimbi, kwa sababu ukiweka simu ndani na kuipigia, inaita. Kwanza hakikisheni waya umechomolewa ukutani kabla ya kujaribu mambo hayo. Pili, simu hupokea mawimbi dhaifu mno, chini ya sehemu moja ya bilioni ya wati. Ukuta ukipunguza wimbi mara maelfu, bado kinachobaki kinaweza kutosha simu kuita. Jaribio hilo halipimi usalama.

Afadhali muwaonyeshe wavu wa mlangoni. Sogezeni macho: ni bati lenye tundu za milimita moja hivi, na kupitia tundu hizo unakiona chakula. Kwa hiyo mwanga unapita. Wimbi la sentimita 12 halipiti, na yote mawili ni ya ukoo mmoja, yana mwendokasi mmoja. Ila msiseme wimbi limekwama kama samaki kwenye nyavu. Linapogonga bati linasukuma elektroni, zinaanza kwenda na kurudi, nazo zinatoa wimbi linalolifuta lile la kwanza upande wa pili. Tundu likiwa dogo sana kuliko urefu wa wimbi, elektroni zinafanya kazi hiyo kana kwamba tundu halipo. Mwanga una urefu wa nusu ya elfu moja ya milimita. Kwake tundu lile ni mlango wazi.

Sasa masafa na urefu wa wimbi, nani huamua nini. Masafa huamuliwa na chanzo. Wimbi likiingia kioo au maji, mwendokasi unapungua, urefu unapungua, masafa hayaguswi. Tukiandika kwamba rangi ni urefu wa wimbi, tunapaswa kuongeza "hewani". Mwanga mwekundu wa nanomita 650 ukiingia kwenye umajimaji wa jicho unabaki na nanomita 485 hivi, urefu ambao hewani ni wa bluu. Hata hivyo tunaona nyekundu. Swali hilo moja likiulizwa darasani linazaa mjadala wa kipindi kizima, na ni kipindi kilichotumika vizuri.

Shule isiyo na umeme? Tumieni sauti. Uma wa sauti (uma wa chuma unaolia kwa masafa mamoja ukigongwa) wa 512 Hz, bomba la plastiki la kipenyo cha sentimita 3, ndoo ndefu ya maji. Chovyeni bomba majini, shikeni uma unaolia juu ya mdomo wake, kisha inueni bomba taratibu hadi sauti ivume, pimeni sehemu iliyo juu ya maji: karibu sentimita 16. Endeleeni hadi ivume tena, karibu 50. Toeni ya kwanza kwenye ya pili, hiyo ndiyo nusu ya wimbi; zidisheni kwa mbili, kisha kwa 512. Msitumie kipimo cha kwanza peke yake, kwa sababu sauti huchungulia nje ya mdomo wa bomba kwa karibu sentimita moja na kuharibu hesabu. Na msimkate alama aliyepata mwendokasi wa sauti wa 349 mita kwa sekunde. Hiyo 340 mnayoing'ang'ania ni ya hewa ya nyuzi 15. Kwenye nyuzi 30, yeye ndiye sahihi.

Nakimbia sasa. Redio: gawanyeni 300 kwa megahezi, mnapata mita. FM ya 100 ni mita 3, ndiyo maana antena ya robo wimbi ni sentimita 75. Wazee waliosikiliza masafa mafupi kwenye "mita bendi 31" walikuwa karibu na megahezi 9.7.

Infraredi, mawimbi marefu kuliko mwanga mwekundu, yasiyoonekana kwa macho: elekezeni rimoti ya televisheni kwenye kamera ya mbele ya simu, mbonyeze, mtaona taa yake ikiwaka. Kamera ya nyuma mara nyingi ina kichujio, haitaona kitu.

Urujuanimno, miali ya jua isiyoonekana inayounguza ngozi, nilitaka niupe nafasi, kwa ajili ya wanafunzi wetu wenye ualbino. Joto la jua mwilini si kipimo cha urujuanimno. Kila mita 1000 za mwinuko unaongezeka kwa asilimia kumi hivi, kwa hiyo Njombe au Mbeya penye ubaridi na upepo mtoto anaungua bila kuhisi. Kofia pana na mikono mirefu havingoji siku ya joto. Mwanafunzi huyo asisimamishwe juani saa sita kwa paredi.

Eksirei na gama tutaziweka kikao kijacho. Anayetaka kuona madoa ya chokoleti, mashine iko meza ya nyuma, na sahani nimeshaitoa.