Injini Mpya Haidekezwi: Km 1,600 za Kwanza

RASHIDI: Habari zenu wasikilizaji. Mimi Rashidi, na kama kawaida niko na dada Neema, fundi ambaye maisha yake yote ni injini za Subaru. Dada, kuna msikilizaji wetu wa Mbezi amefungiwa injini mpya kwenye Subaru WRX STI yake. Fundi mmoja kamwambia asizidi 60 mpaka oili ya kwanza imwagwe. Mwingine kamwambia aikanyage siku hiyohiyo, eti injini ifunguke koo. Amsikilize yupi?

NEEMA: Asimsikilize yeyote kabla hajafungua kitabu cha gari. Subaru wameandika wazi: km 1,600 za kwanza usipitishe mizunguko 4,000 kwa dakika, usiondoke kwa kurusha gari, na usikae kwenye mwendo mmoja kwa muda mrefu, uwe wa kasi au wa polepole. Watu wanaikariri hiyo 4,000. Hilo la mwendo mmoja wanaliruka, na kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote.

RASHIDI: Ningedhani mwendo mmoja wa taratibu ndio unaoipumzisha.

NEEMA: Hapo ndipo injini nyingi zinapoharibiwa kwa upendo, kaka. Ukiichungulia silinda mpya kabla pistoni haijaingia, utaona mistari myembamba ya mshazari, mingine kushoto mingine kulia, imepishana. Pitisha ukucha, utasikia mkwaruzo kidogo sana. Mistari ile imechorwa kwa makusudi. Inashika oili, na ncha zake zinausaga uso wa ringi, zile pete zinazoizunguka pistoni, mpaka ringi na ukuta wa silinda vishikane pande zote. Sasa ringi haibanwi ukutani na uspringi wake peke yake. Mafuta yanapowaka juu ya pistoni, gesi inapenya nyuma ya ringi na kuisukuma nje. Ukienda kwa kubembeleza, gesi ni dhaifu, ringi inateleza tu juu ya oili. Ile oili inaungua ukutani, inaacha utando unaong'aa, mistari inajaa. Injini ya hivyo itakula oili daima, moshi wa bluu nyuma, na dawa yake ni kuifungua upya.

RASHIDI: Basi yule wa kukanyaga siku ya kwanza ana haki.

NEEMA: Ana nusu ya haki. Ringi zinataka mzigo, kweli. Lakini ndani mna beringi za krenki, kemshafti, turbo, na kama gari zima ni jipya, gia na difu, yaani gia za ekseli, pia. Nyuso zote hizo bado hazijazoeana, msuguano ni mkali, joto liko juu. Halafu kuna jambo watu hawalifikirii: nguvu inayoivuta pistoni na konrodi, ule mkono unaoishika, inapanda kwa mraba wa mizunguko. Ukitoka 4,000 kwenda 8,000, haiwi mara 2, inakuwa mara 4. Mzigo unaoutaka kwa ajili ya ringi unaupata kwenye mizunguko 3,000 tu, gia ya tatu au ya nne, mguu umekanyaga nusu au zaidi kidogo. Mstari mwekundu, ule wa mwisho wa mizunguko, hauhusiki hapo.

RASHIDI: Tuje kwenye barabara. Gari liko hapa Dar. Afanyeje?

NEEMA: Atoke alfajiri, kabla foleni haijashika. Foleni ni mbaya kwa injini mpya kwa sababu inaunguruma saa nzima bila kazi. Na hilo niliseme kwa uchungu: ule mtindo wa gereji zetu kufunga injini halafu kuiacha inaunguruma kutwa nzima, eti inajizoesha, uachwe. Injini ikishawaka na ikaonekana haivuji, ipelekwe barabarani ikafanye kazi.

RASHIDI: Na kuipasha moto?

NEEMA: Ipashwe kwa kuendeshwa taratibu. Mshale wa joto ukifika katikati asidanganyike, ule unaonyesha maji, na oili inachelewa nyuma yake. Aipe dakika nyingine kama kumi. Unazikumbuka M3 za mwaka 2001, zile BMW wanaziita E46? Kwenye kioo cha mizunguko kuna vitaa vidogo upande wa juu. Ukiwasha injini ya baridi vinawaka, na kadiri oili inavyopata joto vinazimika kimoja kimoja, kana kwamba gari linakuruhusu kupanda hatua kwa hatua. Mimi napenda sana kile kitu. Anayeendesha gari lisilo navyo inabidi avibebe kichwani.

RASHIDI: Haya, injini imepata joto, yuko njia ya Bagamoyo anaelekea Msata.

NEEMA: Safi. Zile 50 za kila kijiji ambazo madereva wanazilalamikia kwa sababu ya tochi, kwa injini mpya ni neema. Unapita kijijini kwa 50. Ukikiona kibao cha kumaliza, gia ya tatu, unakanyaga kwa kusukuma mpaka 80, kisha unaachia mguu kabisa, gia ikiwa ndani, gari lishuke lenyewe. Ukikanyaga, gesi inabana ringi. Ukiachia, unatokea mvuto ndani ya silinda unaopandisha oili kidogo ukutani, ambayo inapoza na kubeba vumbi la chuma. Unarudia hivyo, kukanyaga na kuachia, njia nzima. Akikuta mlima asiupande kwa gia kubwa injini inagugumia chini, ashushe gia.

RASHIDI: Wapo wanaosema mambo haya ni ya zamani, injini za siku hizi zinatoka kiwandani zimeshazoeshwa.

NEEMA: Kwa baadhi ni kweli. Injini ya Honda NSX ya kizazi cha pili ilikuwa inaunganishwa na fundi mmoja kule Anna, Ohio, zaidi ya saa 6, boliti 547 anazikaza kwa mkono. Ikishakamilika wanaizungusha kwenye benchi la majaribio sawa na maili 150, kama km 240 hivi. Lakini benchi halizoeshi difu, wala breki, wala matairi. Ndiyo maana magari ya nguvu bado yana masharti. Mercedes-AMG wanataka km 1,500 za kwanza usizidi 140 kwa saa, na mizunguko 4,500 uiguse kwa muda mfupi tu. BMW kwenye M3 ya E92, ile ya V8, walitaka usipite 5,500 mpaka km 2,000, kisha urudi kwao wamwage oili ya injini na ya difu. Corvette ya C8 yenyewe haimwachii dereva hiari: kompyuta inapunguza nguvu katika maili 500 za kwanza.

RASHIDI: Hapo kwenye kumwaga oili ndipo ugomvi ulipo. Honda wanasema usiimwage mapema.

NEEMA: Ndiyo, na kwa gari jipya la Honda uwatii, kwa sababu oili ya kiwandani wameiweka na viungo vyake wanavyovitaka wakati huo. Kwa gari la BMW M uwatii BMW. Ila injini ya huyu ndugu wa Mbezi imefungwa gereji, si kwenye chumba cha kiwanda kisicho na vumbi. Kwa hiyo mimi ningeimwaga oili mara baada ya safari ya kwanza, pamoja na filta, tena ikifika km 500, tena 1,600. Oili ile ya kwanza uimwage kwenye beseni safi, juani. Utaona inametameta kama rangi ya metaliki. Hiyo ni kawaida. Nati ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ikiwa na sumaku, itakuwa na matope laini ya kijivu, nayo kawaida. Ukiona vipande unavyoweza kuvishika kwa kidole, hasa vya rangi ya shaba, usiwashe tena. Hizo ni beringi, na injini iko njiani kunoki.

RASHIDI: Na oili ya sintetiki, ile ya kutengenezwa kwa kemikali? Wengi wanaiogopa mwanzoni.

NEEMA: Corvette zinatoka kiwandani na sintetiki tangu 1992. Silinda ikichongwa vizuri na mzigo ukiwepo, ringi zitakaa. Jambo la kuogopa ni kuwasha injini kavu. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, fundi achomoe fyuzi ya pampu ya mafuta, apige stata kwa vipande vifupi mpaka taa ya oili izimike. Ndipo airudishe fyuzi. Turbo inakufa haraka sana ikizunguka bila oili.

RASHIDI: Atajuaje kwamba ringi zimekaa?

NEEMA: Dipstiki itamwambia. Kila asubuhi injini ikiwa baridi, gari limesimama tambarare, apime na aandike na kilomita. Mwanzoni oili itashuka kidogo, halafu itatulia. Ikipita km 3,000 bado inashuka kwa kasi ileile, apimiwe silinda zinavyovuja upepo, moja moja.

RASHIDI: Na siku ya kuufikia mstari mwekundu?

NEEMA: Baada ya 1,600, lakini asiruke kutoka 4,000 mpaka mwisho siku moja. Aongeze 500 kila safari, oili ikiwa na joto lake. Akifika juu, aguse na aachie.

RASHIDI: Ndugu yetu wa Mbezi, ukimwaga ile oili ya kwanza tutumie picha ya beseni na ya sumaku, dada Neema atakusomea.