Fundi Anapoingia Darasani

Ndugu zangu, wengi wenu mna miaka mingi kwenye fani, na sasa mnataka kufundisha katika vyuo vya elimu ya kuendelea kule England, wanakosoma vijana wa miaka 16 na zaidi pamoja na watu wazima.

Tangu 2013 sheria ya huko haimlazimishi mwalimu wa vyuo hivi awe na cheti cha ualimu. Msibweteke. Vyuo vyenyewe vina masharti yao, na vingi huajiri fundi kwa makubaliano kwamba atasoma huku akifundisha. Wengi huanza na cheti cha ngazi ya 3, ambacho ndani yake utafundisha somo la dakika 15 mbele ya wenzako. Kisha ipo stashahada ya ngazi ya 5, yenye mazoezi marefu darasani, mkufunzi akikutazama. Baada ya hapo unaweza kuomba hadhi ya QTLS, yaani ya mwalimu aliyehitimu kikamilifu kufundisha vyuo hivi, ambayo tangu 2012 inatambuliwa hata mashuleni.

Sasa tukae kwenye hizo dakika 15, maana ndizo zinazowaangusha mafundi hodari.

Chukua plagi ya pini tatu. Fundi anasema: waya wa buluu kushoto, wa kahawia kulia kwenye fyuzi, wa kijani na njano juu, kaza. Mwanafunzi anafuata neno kwa neno, lakini kamba ya umeme ikivutwa kidogo, nyaya zinachomoka. Kwa nini? Kibano cha kamba kilicho ndani ya plagi kimeshika nyaya tatu ndogo badala ya ganda la nje la kamba. Mkono wa fundi umezoea kubana ganda, kwa hiyo mdomo haukulitaja. Wala hakusema waya wa kijani na njano uachwe mrefu kidogo, ili kamba ikivutwa kwa nguvu uwe wa mwisho kuchomoka.

Kwa hiyo kabla ya somo, fanya kazi yako polepole, na mtu asiyejua fani yako aandike kila unachogusa. Utashangaa orodha ilivyo ndefu! Chagua kipande kimoja tu, kwa mfano kubana kamba: dakika 3 uoneshe, 8 wafanye wao, 4 mkague.

Na swali la "mmeelewa?" liacheni kabisa, kwani jibu lake ni "ndiyo" siku zote. Mpe mwanafunzi plagi iliyofungwa vibaya, isiyochomekwa popote, atafute kosa. Akikuonesha kibano na kueleza kitakachotokea kamba ikivutwa, endelea. Akibaki anaigeuzageuza, rudia kubana.